Sauti Inayobanwa na Mikono: Kuimba Vizuri Huku Unapiga Kinanda

Mpiga kinanda anayeimba huwa na malalamiko ambayo mwimbaji asiye na ala mikononi hayajui sana: noti za juu zilizotoka bila shida mazoezini zinakataa kutoka jukwaani, pumzi inakatika katikati ya mstari, koo linachoka kabla onyesho halijafika nusu, na sauti inayosikika kwenye rekodi ni nyembamba kuliko ile anayoijua. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kwamba aongeze mazoezi ya sauti. Ushauri huo una manufaa, lakini unachukulia kwamba tatizo liko kooni, ilhali kwa mtu anayeimba huku anapiga, sehemu kubwa ya tatizo huwa mgongoni, kwenye taya, kwenye ufunguo aliouchagua (yaani kimo cha noti ambamo wimbo unaimbwa), kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) anazozirundika juu ya sauti yake mwenyewe, na hata kwenye stendi ya kipaza sauti. Kazi ya kwanza, basi, ni kutenganisha mambo mawili yaliyofungamana, yaani upungufu wa sauti yenyewe na madhara yanayoletwa na kinanda.

Kipimo chake ni rahisi. Imba wimbo mzima ukiwa umesimama, bila kugusa kinanda, huku simu ikirekodi. Kisha imba wimbo uleule, katika ufunguo uleule, huku unapiga, na urekodi tena. Sikiliza rekodi zote mbili siku inayofuata, sikio likiwa limetulia. Kasoro inayojitokeza katika rekodi zote mbili ni ya sauti, na dawa yake ni mazoezi ya sauti. Kasoro inayojitokeza katika rekodi ya pili peke yake imeletwa na kinanda, na hakuna zoezi la koo litakaloiondoa. Kurekodi hakuepukiki hapa, kwa kuwa mtu anapoimba sauti yake humfikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na njia hii ya pili huipa sauti uzito wa chini ambao wasikilizaji wengine hawausikii. Hakuna anayeweza kujihukumu kwa haki akiwa ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Kinachotokea mtu anapoimba

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Urefu wake ni takriban milimita 12 hadi 17 kwa wanawake na milimita 17 hadi 25 kwa wanaume. Hewa ya mapafuni inapoisukuma kutoka chini, mikunjo hiyo hufunguka na kufunga tena kwa kasi kubwa: mtu anayeimba La iliyo juu ya Do ya kati (Do iliyo karibu na katikati ya kinanda), noti ambayo vinanda vingi hulinganishwa kwa kipimo cha Hz 440, nyuzi zake hugusana mara 440 katika kila sekunde. Mwalimu wa uimbaji Manuel García alifanikiwa kuiona kazi hiyo ndani ya koo lake mwenyewe mwaka 1854, akitumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua. Mtetemo huo peke yake ni mlio mkavu usio na uzuri wowote. Unapata rangi ya sauti ya mtu unapopita kooni na mdomoni, ambako umbo la njia hiyo huimarisha baadhi ya masafa na kuyafifisha mengine.

Kwa hiyo sauti nzuri ina nguzo tatu: pumzi inayotoka kwa kiasi kinachodhibitiwa, nyuzi zinazokutana bila kukabwa, na njia ya juu iliyo wazi, ikiwa na taya lililolegea na ulimi usiorudi nyuma. Kinanda huingilia nguzo zote tatu. Huinamisha kiwiliwili na kuibana pumzi, huvuta umakini hadi koo linajikaza bila mwenyewe kujua, na huelekeza macho chini hadi shingo inapinda.

Kiti, pedali na pumzi

Mtu anapovuta pumzi, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na kusukuma viungo vya tumboni chini na mbele, huku mbavu za chini zikitanuka pembeni. Ufundi wa kuimba uko zaidi katika kuzizuia mbavu hizo zisiporomoke upesi, ili hewa itoke polepole kwa muda wote wa mstari. Mpigaji aliyejikunja juu ya vibonyezo amekwisha kuifunga nafasi hiyo kabla hajaanza: tumbo limebanwa na mapaja, mbavu zimekaliwa na mabega, na pumzi pekee inayobaki ni ile fupi ya juu ya kifua, ambayo huinua mabega na kukaza shingo.

Keti kwenye nusu ya mbele ya kiti, uzito ukiwa juu ya mifupa ya makalio, nyonga zikiwa juu kidogo kuliko magoti, na viwiko vikiwa karibu usawa wa vibonyezo. Wanamuziki wengi hurekebisha kiti na kusahau stendi ya kinanda, ingawa stendi iliyo juu mno hupandisha mabega, na iliyo chini mno huukunja mgongo. Jambo lisilotajwa sana ni pedali, kifaa cha kukanyaga kinachorefusha mlio wa noti. Ikiwa inateleza sakafuni, mguu wa kulia huanza kuitafuta, paja hukaza, na paja likikaza sehemu ya chini ya tumbo nayo hukaza, hivyo pumzi hupungua kwa sababu ya kifaa ambacho kingetulizwa kwa kipande cha utepe wa kunata. Anayepiga akiwa amesimama hupata nafasi kubwa zaidi ya pumzi, lakini pedali humlazimisha kusimama kwa mguu mmoja muda mrefu. Ni heri apunguze matumizi ya pedali kwa kadiri wimbo unavyoruhusu na azoee kubadilisha uzito kati ya mistari.

Kuna tabia nyingine iliyojificha zaidi. Wapiga kinanda wengi hushika pumzi wanapofika mahali pagumu kwa vidole, hata wakati hawaimbi. Asiyeimba hapotezi kitu, lakini anayeimba hujikuta anaanza mstari akiwa na hewa ya zamani iliyofungiwa kifuani. Ili kuyajua maeneo hayo, piga wimbo mzima bila kuimba, huku ukitoa hewa taratibu kwa mlio mrefu wa "sss" na kuvuta pumzi pale ambapo ungeivuta wakati wa kuimba. Popote mlio huo unapokatika, kuruka au kuongezeka ghafla, ndipo mikono imeinyakua pumzi. Rudia sehemu hiyo polepole hadi mlio utoke ulionyooka, na kama haunyooki baada ya siku kadhaa, rahisisha upigaji wa mahali hapo bila kuona haya, kwa kuwa msikilizaji aliyekuja kusikia wimbo hatakumbuka kodi iliyopunguzwa noti mbili. Kwa taya, piga sehemu hiyohiyo ukiwa umefungua mdomo kidogo na ncha ya ulimi imelala juu ya mdomo wa chini. Ulimi ukirudi ndani wenyewe, umejua ni wapi unapojikaza.

Nafasi za kuvuta pumzi ziwekewe alama kwenye karatasi ya maneno kama vile kodi zinavyowekewa. Jambo hili huonekana dogo, lakini hubadilisha namna ya kupanga wimbo, kwa kuwa mpigaji aliyekwisha kujua ni wapi atapumua hataweka mruko mgumu wa mkono wa kushoto katika pigo hilohilo.

Mikono isiyohitaji kusimamiwa

Umakini wa mtu hautoshi kusimamia kwa wakati mmoja vidole kumi, maneno, usahihi wa noti, pumzi na wasikilizaji. Kinachowezekana ni kuifanya sehemu moja ijiendeshe yenyewe ili umakini ubaki kwa nyingine, na kwa mwimbaji wa kinanda sehemu ya kujiendesha lazima iwe mikono. Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, ni mfano mzuri wa mpangilio huo. Alisomea piano ya kiklasiki tangu utotoni, na alipoanza kupiga katika baa moja ya Atlantic City mwaka 1954, mwenye baa alimtaka aimbe pia iwapo angependa kuendelea na kazi. Sauti ilikuja juu ya mikono iliyokuwa imekwisha kukomaa. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunajifunza kodi na maneno siku moja, kisha tunashangaa kwa nini sauti inasikika kama ya mtu anayefanya hesabu kichwani.

Kipimo cha mikono iliyokomaa ni kupiga wimbo wote huku unasoma kwa sauti habari yoyote isiyohusiana na wimbo huo, bila mwendo kuyumba. Ukishindwa, usiimbe bado. Ukiweza, yatamke maneno ya wimbo kwa mdundo wake bila melodi, kisha imba melodi kwa irabu moja tu, na mwishoni unganisha maneno na melodi. Hatua ya kutamka kwa mdundo ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo inayotatua tatizo kubwa la waimbaji hawa, yaani silabi zinazoangukia kati ya mapigo ilhali mkono unapiga juu ya pigo. Mdomo na mkono vikikosa makubaliano, mwenye nguvu hushinda, na mara nyingi mkono ndio hushinda: silabi iliyotakiwa kuchelewa kidogo kwa uzuri huvutwa hadi ikalingana na kodi, na wimbo wote unasikika mgumu. Punguza mwendo hadi nusu kwa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo ya wimbo), ugawanye mistari mirefu mahali pa ziada ili pumzi itoshe, na uanze na mkono wa kushoto pamoja na sauti kabla ya kuongeza wa kulia. Walimu wengi huanza na mkono wa kulia, lakini naona besi ndiyo saa ya wimbo, na sauti inayojifunza kutegemea saa hiyo huwa huru zaidi baadaye.

Mkono wa kulia, kwa upande wake, una kishawishi cha kuifuata melodi noti kwa noti. Kufanya hivyo wakati wa kujifunza wimbo kunasaidia, lakini kuendelea nako jukwaani kunaifunga sauti isiweze kuchelewa, kuteleza wala kupamba, na kunaficha makosa kwa kuwa mpigaji husikia noti sahihi ya kinanda na kudhani ni yake. Piano ina tabia nyingine inayostahili kukumbukwa: noti yake huanza kufifia mara tu inapopigwa, ilhali ya mwimbaji inaendelea, hivyo katika noti ndefu hakuna kinachomwambia kwamba ameshuka. Imba ubeti mzima bila ala, kisha gusa kodi ya mwisho na usikie kama bado uko mahali pake. Zoezi hilo likifanywa mara kwa mara hujenga sikio haraka kuliko saa nyingi za kuimba ukiwa umeegemea kinanda.

Ufunguo uchaguliwe na koo

Mpiga kinanda huchagua ufunguo ambao vidole vyake vinaupenda, na koo huambiwa livumilie. Huu ni upotevu mkubwa, kwa sababu tofauti ya nusu toni moja, yaani hatua ya kibonyezo kimoja hadi kilicho jirani yake, inaweza kuamua kama kiitikio kitaimbika au kitapigiwa kelele. Kila sauti ina eneo la mpito, ambapo misuli inayotawala sauti ya kifua, ile nzito ya chini, huipisha ile inayotawala sauti ya kichwa, iliyo nyepesi na ya juu. Kwa wanaume wengi eneo hilo liko kati ya Re na Sol zinazofuata mara baada ya Do ya kati. Kwa wanawake wengi kuna mpito mmoja karibu na hapohapo, na mwingine takriban oktavu moja (umbali wa Do hadi Do inayofuata) juu yake. Noti moja inayopita katika eneo hilo si tatizo. Tatizo ni neno linalorudiwa mara kumi na mbili juu ya noti hiyohiyo, hasa likiwa na irabu "i" au "u" ambazo hufunga mdomo. Kabla ya kulilaumu koo, shusha au pandisha ufunguo kwa nusu toni na usikilize.

Kanuni ninayoiamini ni kwamba noti ya juu kabisa ya wimbo iwe angalau toni moja chini ya noti ya juu unayoweza kuifikia siku nzuri, na kwamba sehemu kubwa ya melodi ikae pale unapoongea kwa nguvu kidogo. Ufunguo huo upimwe saa ambayo kwa kawaida unapanda jukwaani, kwani sauti ya mtu aliyetoka kuamka huwa nzito na ya chini, na ufunguo uliochaguliwa wakati huo utakuwa chini mno jioni. Kuhusu kitufe cha kuhamisha ufunguo kilichomo katika vinanda vya umeme, hakuna dhambi kukitumia, ingawa mwenye sikio lililozoea kuhusisha kila kibonyezo na mlio wake atachanganyikiwa, naye afadhali ajifunze kodi upya.

Kinanda kisichofunika sauti

Melodi nyingi zinazoimbwa hukaa kati ya oktavu moja chini na oktavu moja juu ya Do ya kati, yaani takriban kati ya Hz 131 na Hz 523. Eneo hilohilo ndilo mikono miwili ya mpiga kinanda hupenda kukutana. Matokeo yake ni kwamba mpigaji hujifunika mwenyewe, kisha hujibu kwa kupaza sauti bila kukusudia. Daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jinsi watu wanavyopaza sauti zao wenyewe bila kujua wanapozungukwa na kelele, na mwimbaji anayezungukwa na kodi zake mwenyewe hayuko nje ya hali hiyo. Koo lililochoka kwa namna hii halihitaji zoezi, linahitaji nafasi. Wakati wa beti, mkono wa kulia upande juu ya melodi au upunguze noti. Kodi ya noti mbili, ya tatu na ya saba kuhesabu kutoka noti ya msingi ya kodi, mara nyingi inatosha ikiwa kuna mpiga besi, ambaye pia anaufanya mkono wa kushoto uwe na haki ya kunyamaza. Milio mirefu ya kinanda cha umeme inayoiga ala za nyuzi kama fidla, inayopendwa sana kwa kuwa hujaza ukumbi, ndiyo inayoifunika sauti kuliko yote.

Mazoezi ya sauti yenyewe hayahitaji maelezo marefu kiasi hicho. Dakika kumi au kumi na tano za kupasha sauti moto zinatosha kwa wengi: kutetemesha midomo, kuimba kwa kuvuma, na kuimba kupitia mrija mwembamba, ikiwezekana ncha yake ikiwa ndani ya maji kwa sentimita mbili au tatu. Njia ya kutokea hewa inapobanwa mdomoni, msukumo unaorudi nyuma hupunguza nguvu ya nyuzi za sauti kugongana, na mwimbaji hupanda na kushuka katika noti zake zote bila kuziumiza. La kuangalia ni kwamba mpiga kinanda hupenda kufanya mazoezi haya akiwa amekaa na kujipigia skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), hivyo anazirudisha zile kasoro zote za mkao. Jirekodie skeli hizo mara moja, kisha simama mbali na kinanda.

Kipaza sauti kije kwako. Stendi yenye mkono mrefu, ikiingia kutoka pembeni au juu ya kinanda, inaruhusu mdomo ubaki pale ulipo wakati kichwa kimesimama wima juu ya uti wa mgongo, na ikiwa unalazimika kusogeza kidevu mbele ili uifikie, isogeze yenyewe. Vipaza sauti vingi vya jukwaani huongeza masafa ya chini kadiri mdomo unavyokaribia, kwa hiyo umbali unaobadilikabadilika kwa sababu mpigaji anatazama vidole huifanya sauti iwe nene na nyembamba kwa zamu. Spika ya kujisikilizia nayo huwekwa pembeni kwa kuwa kinanda kimechukua nafasi ya mbele, na hapo ndipo vipaza sauti vingi vinapoanza kupiga mluzi; fundi hulazimika kuipunguza, na mwimbaji hubaki hajisikii. Kipaza sauti chenye eneo la kusikia lenye umbo la moyo hakisikii vizuri kinachotoka nyuma yake kabisa, hivyo spika iwe huko. Na unapoulizwa unataka kusikia nini, taja sauti yako kabla ya kinanda chako, kwa sababu vidole vitakijua kinanda hata kikiwa kimya.

Maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti, kwani yanashuka kwenye umio huku njia ya hewa ikiwa imefungwa, kwa hiyo kunywa saa kadhaa kabla badala ya kutegemea funda moja katikati ya nyimbo. Kinachozigusa moja kwa moja ni hewa unayovuta, na ndiyo sababu kuvuta mvuke husaidia koo lililokauka. Kukohoa ili kusafisha koo huzigonganisha kwa nguvu, na dawa za maumivu kabla ya onyesho huondoa onyo bila kuondoa jeraha. Usiku ambao sauti imeharibika, mpiga kinanda ana uwezo ambao mwimbaji mwingine hana, wa kushusha wimbo toni nzima papo hapo, kurefusha kipande cha ala na kuwaachia wengine kiitikio, mradi bendi imezoea kumsikiliza. Ukwaruzo usioisha baada ya wiki tatu hauna dawa ya jukwaani, na anayeweza kuujua ni daktari wa masikio, pua na koo atakayezitazama nyuzi zenyewe.